Mtungi tumepewa, bei ya kujaza chama gani kinaisemea?

Ndugu Mhariri,

Mbukwenyi! Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua maana hili jambo la bei ya nishati ya kupikia limenikaa kooni muda mrefu na kila nikisikiliza Bunge kwenye redio naona linapitwa juujuu tu. Mi ni mama lishe hapa Nkuhungu, Dodoma, asubuhi napika chai na chapati, mchana wali maharage na ugali mlenda, wateja wangu ni bodaboda, mafundi ujenzi, na wale vijana wa maofisini wanaoshuka na daladala za Mtumba jioni wakiwa na njaa. Sina shahada ya mazingira ila kazi yangu ni moto, nauwasha kabla jua halijatoka na nauzima nikifunga, kwahiyo kwenye habari ya nishati ya kupikia naomba nisikilizwe.

Kuna maneno nayasikia sana kwamba wananchi wa chini hatuelewi mambo ya tabianchi, au kwamba tunang'ang'ania mkaa kwasababu ya mazoea. Si kweli kabisa. Mi tangu nizaliwe sijakutana na mwanamke anayetetea moshi. Macho yanauma, kifua kinabana, mtoto mgongoni anakohoa, nani anapenda hiyo? Na kuhusu mvua usimfundishe Mgogo, sisi huku mvua ni msimu mmoja tu, Desemba mpaka Aprili, ikichelewa kila mtu anajua na ikikatika Februari mahindi yakiwa yanatoa mbelewele kila mtu anajua mwaka huo tutakula nini. Watu wanaelewa. Wanachokosa ni mahali pa kuamua, yaani chama kimoja kije kiseme sisi tutafanya hivi na bei itakuwa hivi, kingine kije kiseme hapana sisi tutafanya vile, alafu sisi tuchague. Hicho hakipo, na mi naona ndo shida yenyewe.

Serikali imefanya kazi, naliweka hili mapema maana kuna watu wakiona barua ya namna hii wanadhani mtu katumwa. Mei 2024 Rais Samia alizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, lengo ni ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi, na siku chache baadaye akawa mwenyekiti mwenza wa mkutano wa Paris wa nishati hiyohiyo ya kupikia, ambako ziliahidiwa dola bilioni 2.2 kwa ajili ya Afrika. Kabla ya hapo taasisi zinazopika chakula cha watu zaidi ya 100 zilishapewa mwisho wa kuacha kuni na mkaa, Januari 2024. Kwa makadirio ya serikali yenyewe Watanzania zaidi ya 33,000 wanakufa kila mwaka kwa magonjwa yanayotokana na moshi wa kupikia. Hayo si mambo madogo na rais aliyeyabeba mpaka Paris anastahili pongezi, mi nampa.

Alafu ikaja mitungi. Ndugu mhariri kama ulikuwa Dodoma miaka hii miwili mitatu utakuwa umeiona, kila mheshimiwa na kila mwenye nia ya kuwa mheshimiwa alikuwa na mitungi yake ya kilo 6, mingine imebandikwa picha, inapangwa mistari uwanjani, kina mama wanaitwa kwa majina, picha zinapigwa, wimbo unaimbwa, watu wanatawanyika. REA, wale wakala wa nishati vijijini, nao wamesambaza ya ruzuku nusu bei, hiyo naiona ni nzuri zaidi maana mtu anachangia na anajua kanunua. Ila hii ya mkutanoni, mtu akishapokea anaonekana kashapata nishati safi, anahesabiwa, na hakuna anayerudi baada ya miezi miwili kuuliza je unapikia?

Shangazi yangu yupo kijijini huko wilaya ya Bahi. Mtungi wake nimeukuta chumbani kwake pembeni ya kitanda, kaufunika na kitenge vizuri kabisa, jiko lake la juu bado linang'aa halina hata tone la mchuzi. Gesi iliisha kabla ya mwezi, wakala wa karibu yupo Bahi mjini, ukichukua nauli ya bodaboda kwenda na kurudi ukajumlisha na bei ya kujaza anaona kabisa hiyo hela ni ya unga wa nyumba nzima. Nikamuuliza shangazi sasa unapikia nini, akaniangalia akasema, "Mwanangu, kuni naokota, gesi nanunua." Sikuwa na la kumjibu. Na huyu si mtu aliyekataa nishati safi, mtungi anaupangusa vumbi, anasubiri.

Sasa nije kwenye hela maana hapo ndo pamejaa ukimya. Kujaza kilo 6 hapa mjini ni 20,000 na kitu, vijijini inapanda kutegemea na umbali. Mkaa nao umepanda sana, hakuna anayebisha, ukipiga hesabu ya mwezi mzima inawezekana kabisa gesi ikawa nafuu kwa mtu wa mjini, wataalam wanatuambia hivyo na kwa chai na chapati mi nakubaliana nao. Ila mkaa unauzwa kwa kisado. Ukiwa na 2,000 mkononi leo unapika leo. Mtu anayelipwa kwa siku ananunua moto wa siku, hana pa kuitoa hiyo 20,000 kwa mpigo hata kama mwisho wa mwezi angetumia pungufu. Dar es Salaam walishaanza ile mitungi yenye mita, unalipia kidogokidogo kwa simu kama unavyonunua umeme wa LUKU, hela ikiisha jiko linasimama ukiongeza linaendelea. Huo ndo mkaa wa kisado kwa sura ya gesi! Kwanini hilo lisiwe ndo ahadi ya kampeni huku kwetu badala ya mtungi wa bure?

Na kingine, petroli ikipanda sisi wote tunajua. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji, wanatoa bei kikomo za petroli, dizeli na mafuta ya taa, mkoa kwa mkoa, wilaya kwa wilaya, bodaboda wangu wanazisoma kwenye simu wakinywa chai na kituo kikizidisha wanakisema. Gesi ya mtungi haimo kwenye lile tangazo. Kila wakala ana bei yake. Yaani nishati ambayo taifa zima linasukumwa kwenda kuitumia ndo ambayo mnunuaji hajui bei halali ni ipi, wakati mafuta ya taa ambayo tunaambiwa tuyaache yana bei ya kila mwezi. Mbunge gani ameshalisimamia hili mpaka mwisho? Wa chama chochote?

Hapo kijiweni kwangu wateja wengi wanaamini gesi ya mtungi ni ile ya kwetu ya kusini, wanasema gesi tunayo Mtwara kwanini tunauziwa bei hiyo. Nimelazimika kuwaeleza mara nyingi sana, ile ya Songosongo na Mnazi Bay ni gesi asilia, inapita kwenye bomba, inazalisha umeme na inaenda viwandani na kwenye nyumba chache za huko Pwani, hii ya mtungi ni nyingine, inakuja na meli kutoka nje, ikipanda duniani au dola ikipanda na sisi tunapanda nayo. Viongozi hawalisemi hili jukwaani. Wanasema "gesi" wanapigiwa makofi na mwananchi anaondoka akijua anakula matunda ya nchi yake. 2013 Mtwara watu waliandamana na wengine walipoteza maisha kwasababu ya bomba la gesi kwenda Dar, kwahiyo msidhani wananchi hawana hisia na nishati, wanazo kali sana, ila wanapewa habari nusu.

Umeme sasa. Hapa naomba wahusika wanisome taratibu. Maharage ndo adui wa kila mama lishe, kwenye gesi yanakula mtungi, kwenye mkaa yanakula asubuhi nzima. Nimeona kwa macho yangu jiko la umeme la presha likiivisha kilo ya maharage kwa chini ya uniti moja, jirani yangu analo, ukiiangalia LUKU inavyosoma unashangaa. TANESCO wenyewe wamekuwa wakihamasisha watu wapikie umeme, vizuri. Sasa angalia bei. Kwa mpangilio wa EWURA wa 2016 mteja mdogo wa nyumbani analipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo mradi asizidishe uniti 75 kwa mwezi, akizidisha kila uniti ya ziada ni 350, akiendelea kuzidisha anahamishwa kundi analipa 292 kuanzia uniti ya kwanza, ukiweka na kodi inafika 356. Nyumba yenye taa, tivii na kafriji, ikianza kupika kila siku kwa umeme hiyo 75 inaisha kabla ya mwezi. Maana yake nini? Maana yake mwananchi maskini akitii sera ya nishati safi anapoteza ruzuku yake ya umeme! Akibaki na mkaa wake anaendelea kulipa 100. Mkono mmoja unamvuta aje na mwingine unamsukuma arudi, na mikono yote ni ya serikali moja.

Hili lingetosha kabisa kuwa hoja ya uchaguzi. Mtu aje aseme, mkinichagua nitasukuma hiyo 75 iende 120 au 150 kwa anayepikia umeme, gharama yake ni hii na itatoka hapa. Mwingine apinge, aseme TANESCO itafilisika, atoe njia yake. Sisi tuwasikilize. Umeme tunaambiwa upo wa kutosha, Bwawa la Nyerere ni megawati 2,115, na Machi 2024 tulitangaziwa mitambo imezimwa kwasababu umeme umezidi matumizi. Umezidi matumizi, na mtoto wa shangazi yangu anatafuta kuni!

Ila vyama vyetu. CCM walifanya mkutano mkuu maalum hapahapa Dodoma mwisho wa Mei 2025, wakatoa ilani ya 2025 mpaka 2030, nishati safi imo na mazingira yamo. Dira ya 2050 iliyozinduliwa hapahapa Julai mwaka huohuo, nguzo yake ya tatu ni mazingira na kuhimili mabadiliko ya tabianchi. Maandishi yapo. Ila CHADEMA hawakuwemo kwenye karatasi ya kura Oktoba 2025, na chama kikubwa cha upinzani kisipokuwepo hakuna wa kumbana mwenye ilani kwenye kipengele kwa kipengele. Na hao CHADEMA nao niwaambie ukweli, hata walipokuwa bungeni kwa wingi sikumbuki wakiisimamia bei ya kupikia kama walivyosimamia katiba mpya na tume ya uchaguzi. Katiba ni muhimu, nakubali, ila moto wa jikoni nao ni siasa. ACT-Wazalendo angalau wana wale wasemaji wa kisekta, wa nishati anachambua bajeti na kutoa taarifa, sijui ni wangapi huku Dodoma wanazipata hizo taarifa maana mikutano yenyewe ni ya shida. Kwa hiyo jambo linalogusa kila nyumba limebaki halina mashindano, na kitu kikiwa hakina mashindano mgombea anaona mtungi wa bure unatosha.

Na tukumbuke tulikotoka. Mei 2018, mradi wa hilo Bwawa la Nyerere kule Rufiji ukiwa bado unabishaniwa, Naibu Waziri wa Mazingira wa wakati ule, Kangi Lugola, alisema bungeni hapa Dodoma kwamba wanaoupinga watafungwa. Mi nilikuwa nautaka ule mradi na leo nafurahi bwawa limekamilika, ila mtu aliyetaka kuuliza mvua ikikata itakuwaje alikuwa na haki ya kuuliza. Sisi wa kanda ya kati hilo swali tunalijua vizuri kuliko wengine kwasababu tunaishi na bwawa la Mtera. Mtera ni megawati 80 na chini yake kuna Kidatu 204, mto ni uleule, maji yakishuka Mtera tunayaona kwa macho, wavuvi wanasogeza kambi, na baada ya muda mgao unafika mjini. Mwaka 2022 na 2023 tumekaa gizani, hatujasahau. Sasa kama tabianchi inabadilika na tegemeo kubwa ni maji, jua la Dodoma linalotuunguza miezi nane linafanya nini? Upepo wa Singida umeimbwa kwenye hotuba za bajeti tangu wakati wa Kikwete, mpaka watoto waliokuwa darasa la kwanza wameoa. Mradi wa jua wa Kishapu kule Shinyanga angalau umeanza kujengwa, hongera kwao, ila wabunge wa Dodoma na Singida walipaswa kuwa ndo wanaopiga kelele zaidi na sijawasikia.

Kuna habari ya bomba la mafuta ghafi pia, la kutoka Hoima kwenda Tanga, kilomita 1,443, na limepita Kondoa na Chemba mkoani kwetu. Hili ukilitaja kijiweni maharage yanapoa. Septemba 2022 Bunge la Ulaya lilipitisha azimio la kulikosoa na watu hapa walikasirika kweli, vijana wakasema wao wamechimba makaa ya mawe miaka 200 wametajirika sasa sisi tukitaka bomba moja wanatuambia hewa. Mi nawaelewa hao vijana, na kwa kiasi kikubwa wana haki, sisi mchango wetu kwenye huo moshi wa dunia ni mdogo sana. Ila hasira hiyo isitufanye tuseme tabianchi ni habari ya Wazungu. Mvua ikikata Chemba haimuulizi mkulima nani aliharibu. Reli ya zamani pale Gulwe ikichukuliwa na maji inachukuliwa ya kwetu. Katesh Desemba 2023 tope lilifukia watu wetu. Kiongozi anayetumia kosa la Ulaya kukwepa swali la nyumbani anatunyima haki yetu.

Nimalizie na wauza mkaa, maana kwenye hotuba wanatajwa kama wahalifu. Mkaa wa hapa unatoka Chemba, Mpwapwa, mwingine Manyoni huko. Nafahamiana nao, ni wakulima. Mwaka mahindi yakikauka ndo mwaka magunia yanaongezeka mjini, tena mkaa wenyewe unakuwa mwembamba, wa matawi, unaona kabisa huyu kakata mti ambao haujafika. Hafurahii, ana ada ya mtoto. Kondoa mwaka 1979 serikali iliondoa ng'ombe wote kwenye eneo la HADO, yaani mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ili ardhi ipone, ardhi ilipona kweli na vilima vikarudi kijani, ila wazee wa huko bado wanasimulia maumivu ya kuamriwa bila kuulizwa, na ilikuwa enzi ya chama kimoja. Leo kuna hawa wa Kisiki Hai, wanamfundisha mkulima asing'oe kisiki, achague chipukizi nzuri, apogolee, auache mti ukue katikati ya mtama wake, hakuna gharama kubwa na watu wamekubali wenyewe bila mgambo. Chama kinachotaka kura ya Chemba kije na mpango wa huyu mtu, kwamba mkaa ukipigwa vita yeye atalipwa nini mwaka wa ukame, maana ukimfukuza porini bila kumpa kitu atarudi usiku.

Bunge la bajeti linakaa hapa mjini Aprili mpaka Juni, na kamati inayoshughulikia nishati huwa inaita wadau. Mara nyingi wadau ni kampuni za gesi na mashirika. Ombi langu ni waitwe na mama lishe, waitwe na wakaanga chipsi, aitwe na mchoma mkaa mmoja wa Chemba akae kiti kimoja na hao wa kampuni. Na waheshimiwa wa mkoa huu, wa chama tawala na wa upinzani kama wapo, kila mmoja aandike kwenye gazeti hili msimamo wake kwenye mambo mawili tu, zile uniti 75 na bei kikomo ya gesi kila mwezi. Mi gazeti nitalibandika hapo kijiweni wateja wasome wakati wanasubiri ugali.

Mama lishe,
Nkuhungu, Dodoma